Kengele ya Handakini Ikihamia Ghalani

Desemba 1936, katika maabara ya kampuni ya IG Farben mjini Leverkusen, mkemia Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu wanaoshambulia mazao. Aliipata, tena kali kuliko alivyotarajia. Majuma machache baadaye yeye na msaidizi wake walivuta mvuke wa kiasi kidogo mno cha dawa hiyo: mboni za macho zikasinyaa, macho yakaingia kiza, kifua kikabana. Jeshi la Ujerumani likaarifiwa, na dawa ya wadudu ikageuka kuwa tabun, sumu ya kwanza ya mishipa ya fahamu kufanywa silaha. Uingereza nako jambo hilohilo likatokea. Mwaka 1952 Ranajit Ghosh, mkemia wa kampuni ya ICI, aligundua kiuatilifu kilichoitwa Amiton. Kiliingia sokoni mwaka 1954, kikaondolewa kwa sababu ya ukali wake, na ukoo wake wa kikemia ndio uliozaa VX, mojawapo ya silaha za kemikali zenye kuua upesi zaidi.

Tunaposikia habari za vifaa vya jeshi vya kugundua hatari kupelekwa mashambani, aghalabu husimuliwa kama hisani: jeshi limemaliza haja yake, sasa mkulima naye apate. Historia ya Leverkusen inasema vingine. Baadhi ya hatari zilizomfanya askari abebe kigunduzi zilizaliwa katika jitihada za kulinda mazao, na bado ziko mashambani, ndani ya chupa zinazouzwa madukani. Mkulima ana haki na kigunduzi hicho sawasawa na askari.

Swali gumu ni kama kigunduzi kikimfikia kitamfaa. Naamini kinaweza, ila kuna sharti ambalo wabunifu wengi hulipita haraka. Kengele ya askari hulia mahali ambapo jibu limeshaandaliwa: barakoa iko kiunoni, sindano ya dawa iko mfukoni, kamanda anajua kikosi kihamie wapi, na gharama yote ni ya serikali. Mkulima akiambiwa gunia lake lina sumu, hana barakoa wala kamanda. Ana gunia, ana deni la mbolea, na watoto wanasubiri chakula. Askari huuliza kama hatari ipo au haipo. Mkulima anataka kujua ni kiasi gani, iko kwenye magunia yapi, afanye nini leo, na hasara itakuwa ya nani.

Tuanze na njia iliyovuka kutoka jeshini kwenda shambani upesi kuliko zote. Jani lililo hai huakisi kwa nguvu mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Tawi lililokatwa na kunyauka, au turubai lililopakwa rangi ya kijani, haliakisi hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni ya Kodak ilitengeneza filamu ya kuionyesha tofauti hiyo, ili mizinga iliyofichwa chini ya matawi ionekane kutoka kwenye ndege. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa picha za namna hiyo zinaweza kubaini magonjwa ya nafaka shambani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ikarushwa Julai 1972, na baada ya njaa ya Ethiopia Marekani ikaanzisha, mwaka 1985, mfumo wa tahadhari ya njaa unaojulikana kama FEWS NET, unaosoma ukijani wa ardhi kutoka angani na kuuoanisha na mvua na bei za sokoni.

Faida yake kwa Afrika Mashariki ni kubwa na sina haja ya kuipunguza. Ila picha ya infraredi husema jani lina shida, haisemi shida gani. Ukame, upungufu wa naitrojeni na ugonjwa wa kutu huweza kuonekana kwa namna moja. Kwenye muhogo hali ni mbaya zaidi: ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuozesha mizizi huku majani juu yakionekana ya kawaida, na mkulima akagundua siku ya kuchimba. Kisha kuna suala la mwenye macho. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, FEWS NET ilizimika, na taarifa ambazo wizara na mashirika ya chakula katika nchi kadhaa yalizoea kuzipata kila mwezi zikakoma. Mfumo ulirejea baadaye, lakini tulikuwa tumeshaonyeshwa kwamba tahadhari ya njaa yetu inategemea bajeti inayopitishwa Washington.

Jambo la pili ni kengele za uongo, na hapa Morogoro ina somo zuri kuliko maabara nyingi za Ulaya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, linafundisha panya buku kunusa vilipuzi vya mabomu yaliyotegwa ardhini. Kigunduzi cha chuma, ambacho ndicho kifaa cha kawaida cha jeshi, hulia kwenye bomu, na hulia pia kwenye msumari, kizibo cha soda na ganda la risasi. Kila kikilia, mtu hulazimika kupiga magoti na kuchimba kwa tahadhari kana kwamba kilichopo ni bomu. Panya hufuata harufu ya baruti na kukipuuza chuma kitupu, ndiyo maana hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa takribani nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kigunduzi siku nne. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015, na panya wa Morogoro walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Hiki ni kilimo moja kwa moja. Bomu la ardhini huzuia jembe hata vita ikiwa imekwisha miaka ishirini, na shamba lisiloaminika halilimwi.

Jeshi linaweza kuvumilia kengele ya uongo kwa sababu kosa la kutolia ni kifo. Baada ya barua zenye vijidudu vya kimeta kutumwa Marekani mwaka 2001, nchi hiyo ilitandaza katika miji yake mikubwa mfumo wa kunusa vijidudu hewani uitwao BioWatch. Kati ya 2003 na 2014 ulitoa ishara 149, na hakuna hata moja iliyohusishwa na shambulio. Nchi tajiri inaweza kuishi na hesabu hiyo. Tuiweke sasa kwenye ghala la ushirika. Tuseme kuna magunia 1,000, na 50 kati yake yana sumu kupita kiwango. Tuseme kipimo ni kizuri: hupatia mara 90 kwa kila 100, kwa gunia bovu na kwa gunia zima vilevile. Kitayakamata magunia mabovu 45 na kuyaachia 5. Katika magunia 950 mazima, kitayatia hatiani 95. Kwa hiyo kati ya magunia 140 yaliyokataliwa, 95 hayana kosa lolote. Kwenye tangazo la muuzaji kifaa hiki huitwa sahihi kwa asilimia 90. Kwa mwenye ghala, theluthi mbili ya anachoambiwa akitupe ni chakula kizuri.

Turudi kwa Schrader, kwa sababu hapo ndipo kifaa cha jeshi na haja ya mkulima vinapokutana karibu zaidi. Sumu za neva na viuatilifu vya jamii ya oganofosfati huua kwa njia ileile: huzuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva baada ya kufika kwenye msuli. Kimeng'enya kikizuiwa, ishara haizimiki, misuli hukakamaa, mate na machozi hutiririka, pumzi hukatika. Kwa mdudu na kwa mtu ni hivyohivyo. Wanasayansi wa jeshi wakatumia udhaifu huo kutengeneza kipimo: kipande cha karatasi chenye kimeng'enya hicho, kinachobadilika rangi endapo kimeng'enya bado kinafanya kazi. Rangi ikijitokeza, hewa ni salama. Karatasi ikibaki nyeupe, askari havui barakoa. Hakuna umeme wala betri, na jibu huja baada ya dakika chache.

Taiwan ilitumia kanuni hiyohiyo kupima mabaki ya dawa kwenye mboga, ikichukua kimeng'enya kutoka kwenye vichwa vya nzi wa nyumbani, na majani ya mboga hupimwa kabla hayajapelekwa mnadani. Nauona mfano huu kuwa bora kuliko yote niliyoitaja mpaka hapa, na sababu ni mahali kipimo kilipowekwa. Kipo kwenye ushirika wa wakulima na kwenye masoko ya jumla, karibu na shamba, kabla mzigo haujachanganyika na mingine. Mboga ikishindwa, mwenyewe anajulikana, na mboga iliyobaki bustanini inaweza kusubirishwa siku kadhaa dawa iishe nguvu. Hapo kengele ina jibu.

Linganisha na yaliyowapata wakulima wa Kenya. Baada ya mabaki ya dimethoeti, ambayo ni oganofosfati, kukutwa mara kwa mara kwenye maharage mabichi na njegere za maganda zilizopelekwa Ulaya, Umoja wa Ulaya uliamuru kuanzia Januari 2013 kwamba asilimia 10 ya shehena hizo zichunguzwe zikiwasili. Kipimo kilikuwa sahihi, maabara zilikuwa za hali ya juu, lakini kilifanyika mbali na shamba, siku ambayo mkulima hana tena la kufanya. Wasafirishaji wakalinda biashara yao kwa kupunguza kununua kwa watu ambao hawawezi kuwafuatilia, yaani wenye robo ekari na nusu ekari.

Karatasi ya kimeng'enya ina mapungufu ambayo lazima yasemwe wazi kabla mtu hajaiuzia halmashauri. Haioni kitu nje ya oganofosfati na ndugu zake wa kabameti. Mkulima wa nyanya wa Ilula au Mwea anayepulizia mankozebu dhidi ya ukungu, au dawa za jamii ya pairethroidi dhidi ya viwavi, atapita kipimo akiwa safi kabisa. Baadhi ya oganofosfati zenyewe, klopirifosi ikiwemo, hazikizuii kimeng'enya barabara mpaka zigeuzwe kwanza kikemia, hivyo sampuli huhitaji kuandaliwa. Na vitunguu saumu na mboga nyingine zenye kemikali kali za salfa huweza kuvuruga kipimo hata bila dawa. Askari hajali haya: adui wake ana sumu chache zinazojulikana na uwanja wa vita hauna vitunguu. Ukikileta kifaa chake sokoni bila kukirekebisha, kitawatetea walio na makosa na kuwashtaki wasio nayo.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, ni sura nyingine kabisa ya tatizo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata msiba wa namna hiyo, wagonjwa 68 na vifo 20. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu kwenye mahindi mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kilo, na kati ya hizo B1, iliyo mbaya kuliko zote, isizidi 5. Kuna vipimo vya vijiti vinavyofanana na vile ambavyo majeshi hutumia kutambua kimeta, kuna mashine za kupembua punje kwa mwanga, na watafiti wamejaribu pua za kielektroniki. Kila mwaka tunaambiwa kifaa kipya kinaona kiasi kidogo zaidi.

Lakini kikwazo hakiko kwenye ukali wa kifaa. Ukungu hauenei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache, zilizotobolewa na wadudu au zilizolowa kwenye kona moja ya ghala, hubeba sumu nyingi, na maelfu ya jirani zake hazina kitu. Ukichota konzi moja kutoka mdomoni mwa gunia unaweza kuzikosa zote, au ukazipata kwa bahati mbaya ukalaani gunia zima. Sehemu kubwa ya makosa katika upimaji wa sumukuvu hutokana na uchotaji wa sampuli, na kifaa cha mamilioni ya shilingi hakiwezi kukiona ambacho hakikuchotwa. Wenye kujua kazi hii huchota sehemu nyingi za gunia, juu hadi chini, kisha husaga kilo kadhaa pamoja ndipo wapime. Bambo refu la kuchotea, mashine ya kusaga na mtu mwenye subira vina thamani kuliko kitambuzi kipya. Wafadhili hupenda kununua kitambuzi.

Kutaja sumukuvu ni kutaja pia mpaka wa Namanga. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. Sisemi Kenya ilikosea kulinda watu wake. Waliozikwa Makueni hawakuwa takwimu. Nasema kipimo kikiwekwa mwishoni mwa safari, gharama ya kila jibu baya hushuka mpaka kwa aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo, kwa njia ya bei. Na mahindi yaliyokataliwa hayapotei. Bila mtu wa kuyanunua kwa matumizi mengine na kumfidia mwenyewe, hurudi kwenye soko lisilopima, yaani kwa mlaji maskini zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho hakikutoka jeshini. Weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu na hayafai kufungiwa. Hakitambui sumu yoyote. Kinatambua hali inayozaa sumu, tena katika wakati ambao jibu liko mikononi mwa mwenye mahindi: kuyarudisha kwenye turubai juani. Kwa kigezo nilichoanza nacho, chupa hiyo inavishinda vifaa vingi vyenye skrini.

Hii haimaanishi kwamba vifaa vikali havina nafasi. Omani na nchi jirani za Ghuba zinapambana na fukusi mwekundu wa mitende, ambaye kiluwiluwi wake hula ndani ya shina bila kuonekana hadi mti umekwisha. Watafiti wa Saudi Arabia wamezungushia mashina nyuzi za kioo zinazosikia mtetemo wa kiluwiluwi anapotafuna. Vitambuzi vya sauti vya nyuzi za kioo vilianza kuendelezwa miaka ya 1970 na watafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani, kwa ajili ya kusikiliza nyambizi. Hapa teknolojia imekaa mahali pake: mtende una thamani kwa miaka mingi, uzi mmoja unaweza kupita kwenye miti mingi, na mti uliogunduliwa mapema una tiba. Mahindi ya msimu mmoja hayawezi kubeba gharama hiyo, na hakuna sababu ya kujaribu.

Kuhusu nzige naweza kusema kwa ufupi. Rada ilikuwa kifaa cha vita, na mwaka 1968 mtafiti Glen Schaefer aliitumia kufuatilia nzige wa jangwani kusini mwa Sahara. Lakini uvamizi wa 2019 hadi 2021 ulipoingia Kenya, ambayo ilikuwa haijaona makundi kama yale kwa miaka 70, taarifa zilizoongoza ndege za kupulizia zilitoka kwa kiasi kikubwa kwa watu wa huko kaskazini waliofundishwa kutuma kwa simu walichokiona na mahali walipokiona. Ndege zilikuwepo, dawa ilikuwepo, kulikuwa na mtu wa kupokea ujumbe. Kigunduzi kilikuwa jicho la mfugaji, na kilitosha.

Ningeulizwa ni kipi kati ya vyote hivi kipewe fedha kwanza, nisingetaja kipimo cha mazao hata kimoja. Ningetaja kipimo cha damu ya anayepulizia. Kimeng'enya kilekile cha karatasi ya askari kimo ndani ya chembe nyekundu za damu yetu, na oganofosfati ikiingia mwilini kupitia ngozi au pumzi hukipunguza siku baada ya siku, mara nyingi kabla mtu hajajisikia mgonjwa. Jeshi la Marekani limepima kwa miaka mingi damu ya watumishi wake wanaoshika silaha za kemikali. Jimbo la California likachukua utaratibu wa aina hiyo mwaka 1974 kwa wafanyakazi wa mashambani wanaochanganya na kupulizia dawa hizi. Kila mmoja hupimwa kwanza kabla hajazigusa, kwa kuwa kiwango cha kawaida hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake mwenyewe, anaondolewa kwenye kazi hiyo, na harudi mpaka kipande tena hadi asilimia 80.

Katika vyote nilivyovipitia, huo ndio mfano uliohamisha kengele pamoja na jibu lake kwa ukamilifu zaidi. Namba ikishuka, hatua inajulikana, na anayepaswa kuichukua anatajwa na sheria. Kwetu ugumu utakuwa mwingine. Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha na Arusha yana mwajiri anayeweza kubanwa, na hapo pa kuanzia papo. Mpulizaji wa nyanya wa Ilula hujiajiri, hubeba bomba mgongoni kwenye shamba lake, na kesho hukodiwa na jirani. Hana wa kumwondoa kazini wala wa kumlipa akipumzika. Zahanati ya kata inaweza kuchukua tone la damu kabla ya msimu na katikati ya msimu, na kifaa cha kupimia kinatosha mezani. Kinachosubiri kuamuliwa, na wizara za kilimo na afya zikae pamoja kukiamua, ni nani atapulizia nyanya za mtu huyo katika majuma anayoambiwa asiguse dawa, na kwa fedha ipi.